Jua Halijatusogelea

Ule ujumbe umerudi. Kila Machi huingia katika vikundi vya WhatsApp hapa Mombasa kama mgeni aliyeizoea nyumba: haubishi hodi, hausemi umetoka wapi, unaanza tu kuamrisha. Jua litakuwa juu kabisa ya ikweta kwa siku tano, joto litafika nyuzi 40, watu wasitoke nje kuanzia saa sita hadi saa tisa, na kila mtu anywe lita tatu za maji kwa siku. Mwaka huu nimeupata mara nne, mara moja kutoka kwa mwalimu. Na mtu huuamini upesi, kwa sababu anausoma shati likiwa limemganda mgongoni, feni inasukuma hewa ya moto na feri ya Likoni haijaja.

Kunywa maji ni ushauri mwema na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni sababu inayotolewa. Joto la Machi, mvua za mwaka, ubaridi wa Julai, bahari kuchafuka na bahari kutulia, vyote hivyo vina chanzo kimoja: dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama. Lakini kwetu sisi wa pwani mwinamo huo haufanyi kazi yake kubwa kupitia jua la utosini. Unaifanya kupitia upepo. Anayelikodolea macho jua peke yake hukosea sababu, na akishakosea sababu humlaumu asiyehusika huku mwenye hatia akipita mlango wa nyuma. Huko nyuma nitafika.

Tuanze na jinsi dunia ilivyokaa. Mhimili wake umeinama nyuzi 23.4, na mwaka mzima unaelekea upande uleule wa mbingu, huko iliko Nyota ya Kaskazini. Dunia inapoendelea na safari yake, Juni nusu ya kaskazini huwa imelipa jua uso, na Desemba huwa zamu ya nusu ya kusini. Mahali palipolipa jua uso hupata mambo mawili kwa pamoja: mchana mrefu, na jua linalopanda juu zaidi. Hilo la pili huonekana hapa kila siku. Jua la saa kumi na moja jioni pale Mama Ngina, kando ya bahari, ni lilelile la saa sita mchana, umbali ni uleule, ila watu hutembea kichwa wazi na kula mihogo bila kutafuta kivuli. Miale iliyolala husambaa juu ya eneo kubwa na hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Huko London tofauti ya pembe hiyo haingoji jioni, huja na miezi: mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupanda hadi nyuzi 62 na mchana hudumu zaidi ya saa 16, kisha Desemba jua lilelile halivuki nyuzi 15 na mchana hautimizi saa nane. Wenzetu wana haki ya kusema majira yao yanaletwa na jua moja kwa moja.

Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo hesabu ni nyingine. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 10 Machi linapokwenda kaskazini, na karibu tarehe 3 Oktoba linaporudi. Kati ya siku hizo mbili jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na kivuli hulala kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume. Hata linapokuwa mbali nasi kabisa, Juni, bado adhuhuri hupanda nyuzi 62 na ushei, yaani kimo kilekile ambacho mtu wa London hukiona mwezi huohuo na kukiita kiangazi kikali. Mchana wetu mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa hutofautiana kwa kama nusu saa tu. Wanaofunga wanalijua hilo hata bila kulipigia hesabu: Ramadhani huzunguka miezi yote ya mwaka wa jua, iangukie Desemba au Juni, na futari ya Mombasa haikawii wala haiwahi kwa kiasi cha mtu kulalamika.

Tarehe 10 mwezi huu, saa sita na nusu mchana, nilisimamisha mkebe mtupu wa maziwa ya unga kwenye sakafu ya juu ya nyumba, pale panapoanikwa nguo. Kivuli hakikuwapo. Mkebe ulikuwa umekikalia chote chini yake, kama kuku aliyeatamia. Dakika ishirini baadaye ukanda mwembamba ulichungulia upande wa mashariki. Nilirudia siku ya ikwinoksi, jua linapokuwa juu ya ikweta yenyewe, siku ile ujumbe ulisema litatushukia: kwenye adhuhuri kamili kulikuwa na kivuli upande wa kusini, upana wa ukucha wa kidole gumba. Maana yake jua lilikuwa limeshatupita kwa siku kumi, na liko nyuzi nne kutoka utosini. Tofauti ya ukali kati ya jua la utosi na jua lililopungukiwa na nyuzi nne haifiki hata theluthi ya asilimia moja. Wakati jua lilipokuwa juu ya vichwa vyetu barabara, hakuna aliyetumiwa onyo. Onyo lilikuja lilipokuwa linaondoka.

Kuna jambo linaloumaliza ujumbe huo kuliko mkebe wangu, nalo ni mwezi wa Oktoba. Kama jua la utosini lingekuwa ndilo linalotuchoma, tungechomwa mara mbili kwa mwaka kwa kiasi kilekile. Lakini Oktoba ya Mombasa ni mwezi wa watu kukaa barazani. Wastani wa joto la mchana hapa hufika nyuzi 33 hivi mwezi wa Machi, na Oktoba haulifikii hilo, ingawa jua ni lilelile na limesimama palepale. Kinachotofautiana ni bahari na upepo. Kufika Machi, maji yamepashwa moto kwa miezi, kaskazi, upepo wa kaskazini, imechoka na kusi, ule wa kusini, haijaamka. Kufika Oktoba, kusi imekwisha kutoka kuvuma miezi mingi mfululizo, imeyakoroga maji na kuyapoza. Joto la Machi, kwa hiyo, ni joto la pengo, mwanya kati ya pepo mbili. Nahodha mmoja pale Bandari ya Kale, niliyemuuliza kama naye ameupata ule ujumbe, hakutaka hata kuuona. "Mwanangu, upepo umelala," alisema, akirudi kwenye nyavu zake. "Ukiamka mtasahau."

Wapo watakaosema nimekuza jambo. Hoja yao ni nzito kuliko ya ujumbe na inastahili heshima: mahali palipo karibu na ikweta hapana majira. Tofauti ya joto la mchana kati ya Machi na Julai hapa ni nyuzi tano hivi, kitu ambacho mtu wa Chicago hukipata kati ya asubuhi na chakula cha mchana. Kwa kipimajoto wana haki. Lakini kipimajoto ni chombo cha watu ambao majira yao hukaa ndani ya kipimajoto. Ukimuuliza mvuvi wa Mtwapa kama mwaka una majira, atakushangaa. Kuna miezi ambayo ngalawa huvuka mwamba kwenda kutafuta nguru na jodari, na kuna miezi ambayo mawimbi ya kusi humweka pwani akishona nyavu na kuhesabu madeni. Mkulima wa bara ya Kilifi naye ana mvua mbili, za mwaka na za vuli, na kati yake ana kiangazi cha kumtia wasiwasi. Nyuzi tano tu, ndiyo, lakini mwaka wake mzima umegawanywa na mikono isiyoonekana katika kipimajoto.

Mikono hiyo hufanya kazi hivi. Juni, kwa sababu ya mwinamo, jua huielekea nusu ya kaskazini, na huko ndiko liliko bara kubwa kuliko yote, Asia. Nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, kila aliyekanyaga mchanga wa Nyali saa saba mchana kisha akaingia baharini anajua. Kuanzia Arabia hadi India ardhi hukaangika, hewa juu yake hupanda, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, hushuka, na hewa nzito ya bahari ya kusini huvutwa kwenda kujaza. Njia yake hupita kwetu, na tunaiita kusi. Ikivuka ikweta, dunia kujizungusha kwenye mhimili wake huipinda, nayo huifikia India ikitoka kusini magharibi, imebeba mvua wanayoingojea watu zaidi ya bilioni moja. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Findlater alieleza mkondo wa hewa wenye nguvu unaopita juu ya Afrika Mashariki miezi hiyo, mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Desemba bara la Asia hupoa, mambo hugeuka, na hewa hutiririka kuja kwetu: kaskazi. Mkanda wa mvua hulifuata jua kwa kusuasua, hutuvuka ukipanda na hutuvuka ukishuka, ndiyo maana mvua ni mbili. Edmond Halley, yule mwanaastronomia mwenye nyotamkia yake, alichora ramani ya pepo hizi mwaka 1686 na kusema chanzo chake ni joto la jua. Hakupatia kila kitu, ila mlango alioubisha ulikuwa wenyewe.

Ushahidi wa nguvu ya jambo hili umo katika safari tunayoifahamu wote. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, akaona hakaribishwi, akasogea Malindi, na tarehe 24 Aprili akang'oa nanga akiwa na rubani mjuzi wa bahari hii. Kusi ilikuwa inaanza. Tarehe 20 Mei alikuwa pwani ya Calicut, siku 26. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, bahari ikiwa katika matlai na upepo haujajua unakwenda wapi, akafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Bahari ileile, miezi mitatu, na mabaharia wake wengi walikufa njiani kwa kiseyeye. Kati ya siku 26 na miezi mitatu hapakuwa na tofauti ya merikebu wala ya ushujaa. Ilikuwa zamu ya nusu nyingine ya dunia kulipa jua uso, basi. Manahodha wa Lamu, Maskati na Mvita walikuwa wakilijua hilo karne nyingi kabla yake: uje na kaskazi, uuze tende na mazulia, upakie boriti, uondoke na kusi.

Tena lugha yenyewe imeyahifadhi. Kaskazini ni kule kaskazi inakotoka, kusini ni kule kusi inakotoka. Mtoto wa Kisumu au wa Lubumbashi ambaye hajawahi kuiona bahari akitaja upande wa dunia hutaja upepo wa pwani yetu. Neno msimu lina asili moja na monsoon, jina ambalo Wazungu huziita pepo hizi: yote mawili yametoka katika mausimu ya Kiarabu. Halafu tazama tulichokifanya: watafsiri wakaingia kutafuta maneno ya majira manne ya Ulaya, wakaichukua vuli, ambayo ni mvua, wakaifanya wakati wa majani kupukutika, wakaichukua masika, ambayo nayo ni mvua, wakaifanya wakati wa maua kuchanua. Mwanafunzi wa Majengo hukariri mzunguko wa vipindi vinne ambavyo hajawahi kuvaa nguo zake, huku kusi ikimpigia dirisha la darasa. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Somo la mwinamo wa dunia ni la kweli popote, lakini mifano yake tumeiazima yote, na mwanafunzi huondoka akidhani dunia imeinama kwa ajili ya watu wa theluji.

Hapo ndipo linapoingia dai la tatu, lile la barazani: jua limetukaribia. Vitabu hulijibu kwa haraka, kwamba dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya inatetemeka, basi umbali si sababu. Jibu zuri kwa mtu wa Ulaya. Mtu wa Mombasa hulisikia na kucheka, kwa sababu kwake linathibitisha dai: Januari jua liko karibu na kuna joto, Julai liko mbali na kuna ubaridi. Macho yake hayamdanganyi. Dunia huwa kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua mapema Januari na milioni 152 mapema Julai, na tofauti hiyo hutosha kubadili nguvu ya jua kwa asilimia saba hivi. Kwa London, ambako pembe ya jua hubadilika mno, asilimia saba ni chenji. Kwetu, ambako adhuhuri ya Juni hupungukiwa na kama asilimia 11 tu ya jua la utosi, asilimia saba si ya kutupa. Nasema hivi wazi kwa kuwa wengi wanaopinga kosa hili hulipinga kwa kulidharau, na dharau haijawahi kumbadilisha mtu wa baraza mawazo.

Linapoangukia ni hapa. Umbali una kilele kimoja kwa mwaka, mvua zetu zina viwili. Umbali hufika karibu kabisa mapema Januari, joto letu hungoja hadi Machi. Na kubwa kuliko yote, jua likisogea huisogelea dunia nzima kwa mara moja, Asia na bahari, kaskazi na kusi. Haliwezi kuipendelea nusu moja na kuinyima nyingine, na bila upendeleo huo hakuna upepo wa kugeuka. Kwa maelfu ya miaka, kweli, umbali huonyesha nguvu zake: miaka kama 11,000 iliyopita dunia ililikaribia jua wakati ambapo nusu ya kaskazini imeinamia kwake, mvua za msimu zikaongezeka, na Sahara ikawa na maziwa na malisho. Lakini hata huko ilikuwa ikiupa nguvu mwinamo. Umbali ni baharia katika jahazi hili, na usukani haujawahi kuushika.

Sasa nirudi kwa yule mwenye hatia niliyemwacha mlangoni. Mwinamo wa dunia hubadilika, ila kwa mwendo wa kobe mgonjwa: kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kwa mzunguko wa miaka 41,000. Katika umri wa binadamu haukugusika. Jua hupita utosini mwa Mombasa kwa tarehe zilezile alizopitia bibi yangu, na umbali wake ni uleule. Kwa hiyo mtu akisema Machi ya siku hizi inauma kuliko ya utotoni mwake, na wazee wengi wanasema hivyo, jua limeshatoa ushahidi wake na liachiwe liende. Tutazame vilivyobadilika. Hewa imejaa gesi zinazozuia joto kutoka. Bahari imepata moto: mwaka 1998, Machi na Aprili, katika pengo lilelile la upepo, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Matumbawe hayakupokea ujumbe wowote.

Na mjini kwenyewe tumejifanyia. Pita Mji wa Kale saa saba mchana: kuta za matumbawe unene wa mkono mzima, vichochoro vyembamba ambavyo jua huviona kwa dakika chache tu, madirisha ya juu yanayotoa hewa ya moto. Waliojenga walijua Machi ina pengo na wakajenga kwa ajili yake. Kisha vuka uende kwenye majengo mapya ya ghorofa kumi: ukuta wa tofali moja, vioo vimeelekezwa magharibi vipokee jua lote la alasiri, mwembe uliokuwapo umekatwa ili magari yapate pa kulala. Anayekaa humo hulipia umeme wa kupozea nyumba iliyojengwa kama tanuri, halafu anatumiwa ujumbe kwamba tatizo ni ikwinoksi. Mwenye jengo anaupenda sana ujumbe huo, bila shaka.

Tarehe 3 Oktoba, au siku moja mbele au nyuma, saa sita na dakika kama kumi, nitaupandisha tena mkebe wa maziwa pale panapoanikwa nguo. Kivuli kitakaliwa chote chini yake, kama mwezi huu. Simu nitakuwa nayo mfukoni, na sitarajii kwamba italia.